Sola Kamuli: Uchukue DC tupu au ununue inveta? Soma kabla hujamlipa fundi

Pesa ya kahawa imeingia. Mtoto yuko darasa la saba na anasomea tochi ya simu. Mama anataka taa jikoni, baba anataka taarifa ya habari na mpira. Nguzo za TANESCO zimepita barabarani, lakini kwako, ndani kabisa ya migomba, hazijafika. Basi unapanda bodaboda hadi Nkwenda, au unakwenda mpaka Kayanga, kutafuta sola.

Dukani swali la kwanza ni moja: "Na inveta au bila inveta?"

Wengi hujibu haraka: na inveta. Inaonekana ndiyo umeme kamili, umeme wa kuchomeka kitu chochote kama wa mjini. Miezi sita baadaye betri imekufa, taa zinazimika saa mbili usiku, na mtoto amerudi kwenye tochi ya simu. Lawama zote zinapewa betri, kumbe kosa lilifanyika pale dukani kwenye lile jibu la haraka.

Si kwamba inveta ni mbaya. Ila inakula, na watu wengi hawaambiwi inakula kiasi gani.

Tofauti yenyewe ni hii

Paneli juu ya bati inatoa umeme wa DC. Betri nayo inatunza na kutoa DC, kwa kawaida volti 12. Umeme wa TANESCO ni AC, volti 230. Inveta ni mashine inayochukua zile volti 12 za betri na kuzigeuza kuwa 230, ili TV ya kawaida au mashine ya kinyozi ifanye kazi.

Ukienda bila inveta, unatumia vifaa vya volti 12 moja kwa moja: taa za LED za DC, TV ya DC, redio, chaji ya simu ya USB. Ukienda na inveta, unatumia vifaa vya kawaida vya dukani.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1993 chama cha KARADEA kilianzisha kituo cha mafunzo ya sola hapa Karagwe, mafundi wakaanza kufundishwa kufunga mifumo midogo wakati sehemu nyingi za nchi zilikuwa bado hazijui paneli ni nini. Wakati ule karibu kila kitu kilikuwa DC: taa mbili tatu, redio, na kwa mwenye uwezo, TV ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe iliyowashwa na betri ya gari. Paneli zilikuwa ghali mno, hakuna aliyekuwa tayari kupoteza hata wati moja.

Baadaye zikaja kampuni za kulipia kidogo kidogo kwa simu. Off Grid Electric ilianzia Arusha mwaka 2012. Mobisol ya Ujerumani nayo iliuza mifumo mikubwa kidogo, hadi yenye TV, kabla ya kuyumba kifedha mwaka 2019 na kuchukuliwa na Engie ya Ufaransa. Vifurushi vingi vya aina hiyo vilijengwa juu ya DC. Waliovibuni walipiga hesabu. Nasi tupige.

Hesabu ya nyumba moja

Chukua nyumba ya kawaida Kamuli, vyumba vitatu na jiko la nje. Mahitaji ya siku ni haya:

Taa 5 za wati 5, saa 4 kila moja: wati-saa 100.
TV ya DC ya wati 20, saa 4: 80.
King'amuzi cha wati 12, saa 4: 48.
Simu 3: kama 30.
Redio ya wati 5, saa 6: 30.

Jumla ni wati-saa 288 kwa siku. Kama hujazoea neno hili, wati-saa ni wati za kifaa mara saa zinazotumika, basi.

Ukitumia DC tupu, hiyo 288 ndiyo inayotoka kwenye betri, ukiacha kidogo kinachopotea kwenye waya.

Sasa weka inveta. Kwanza, katika kugeuza umeme kuna upotevu. Tuseme ni inveta nzuri, inapoteza asilimia 10. Zile 288 zinakuwa 320. Mpaka hapo unaweza kuvumilia.

Balaa liko kwenye jambo la pili. Inveta ikiwa imewashwa inakula hata kama hakuna kitu kilichochomekwa. Ile feni inayovuma na ile taa ya kijani siyo bure. Inveta ya kawaida ya wati 1000 inaweza kula wati 10 ikiwa imekaa tu. Wati 10 mara saa 24 ni 240. Jumlisha na 320, unapata 560.

Yaani mahitaji ni yaleyale, taa zilezile, TV ileile, lakini umeme unaotakiwa umekaribia mara mbili.

Hii ina maana gani kwa mfuko? Tuseme siku ya wastani jua linatoa saa 4 za nguvu kamili, na tukate asilimia 30 kwa ajili ya vumbi, joto, na upotevu wa hapa na pale. Nyumba ya DC inahitaji paneli ya kama wati 100. Nyumba ya inveta iliyoachwa imewashwa usiku na mchana inahitaji kama wati 200. Kwenye betri za asidi, ambazo hazitakiwi kushuka chini ya nusu, ukitaka akiba ya siku mbili bila jua unahitaji kama Ah 100 kwa DC, na karibu Ah 200 kwa inveta. Kwa kifupi, betri moja au mbili.

Na siku mbili bila jua huku kwetu siyo hadithi. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Desemba, kuna siku mawingu yanakaa mpaka unasahau rangi ya anga.

Ukiizima inveta na kuiwasha saa 6 tu za jioni, ile 240 inashuka hadi 60, na jumla inakuwa 380. Inasaidia sana. Lakini uwe mkweli: nyumbani kwako nani atakumbuka kuizima kila usiku? Watoto wanalala na TV inawaka.

Inveta na kifo cha betri

Hapa ndipo hasara kubwa ilipo, na ni jambo ambalo maduka mengi hayasemi.

Mfumo wa sola una chaji kontrola, kile kiboksi kinachokaa kati ya paneli na betri. Kazi yake mojawapo ni kukata umeme wa matumizi betri inaposhuka sana, mara nyingi kwenye volti 11 na ushee. Taa zikizima ghafla usiku watu wanalalamika, kumbe kiboksi kinalinda mali yako.

Inveta haifungwi kwenye kontrola. Inafungwa moja kwa moja kwenye betri, kwa sababu inavuta umeme mwingi ambao kontrola ndogo ingeungua. Kwa hiyo ule ulinzi haupo tena. Inveta ina ulinzi wake, ndiyo, lakini nyingi za bei rahisi hukata kwenye volti 10.5. Betri ya asidi ikifika hapo imekwisha kabisa. Kuifikisha hapo mara chache tu ni kuipunguzia maisha. Kuifikisha hapo kila usiku ni kuiua.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "betri za siku hizi ni feki, haikumaliza mwaka", muulize kwanza ilikuwa inaendesha nini. Feki zipo, sikatai. Lakini nyingine zimeuliwa tu.

Betri ya lithiamu inavumilia zaidi, unaweza kutumia asilimia 80 au hata zaidi ya kilichomo, na kwa kawaida ina kifaa ndani kinachokata chenyewe. Bei yake iko juu. Ukiweza kuimudu, hesabu ya inveta inakuwa nyepesi kidogo.

DC nayo ina ugonjwa wake: waya

Usidhani DC ni sukari tupu. Volti zikiwa ndogo, ampea zinakuwa kubwa, na ampea kubwa hazipendi waya mwembamba wala mrefu.

Mfano mzuri ni jiko la nje au kibanda cha duka mbele ya nyumba, mita 15 kutoka kwenye betri. Ukivuta waya wa milimita 1.5, ule wa taa uliozoeleka, na kuweka taa ya wati 5, hakuna shida. Upotevu ni kama volti 0.14 tu, hutauona kwa macho.

Sasa unataka kuweka friji ndogo ya DC ya wati 60 kwenye kile kibanda, uuze soda baridi. Wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5. Kwenye waya uleule unapoteza volti 1.7. Betri ina 12, friji inapata 10.3. Friji inajaribu kuwaka, inazima. Inajaribu tena, inazima. Unaambiwa friji mbovu. Friji nzima, waya ndio mdogo.

Dawa ni waya mnene. Ukiweka wa milimita 6, upotevu unashuka hadi volti 0.43, na friji inafanya kazi. Lakini mita 15 za waya wa milimita 6, kwenda na kurudi, ulizia bei yake kwanza.

Kwa umeme wa inveta wa volti 230, friji ya wati hizohizo inavuta ampea 0.26 tu. Waya mwembamba unatosha, na upotevu hauzidi hata volti moja. Ndiyo maana umeme wa mbali husafirishwa kwa volti kubwa, kuanzia kwako mpaka zile nyaya nene zinazotoka kwenye mitambo ya Rusumo.

Na waya wenyewe uukague. Siku hizi upo wa aluminiamu uliopakwa rangi ya shaba. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, rudisha. Aluminiamu inapoteza zaidi ya mara moja na nusu kuliko shaba, na ile hesabu yote hapo juu inaharibika.

Ugonjwa wa pili wa DC ni vifaa. TV ya DC ikiharibika huipati kila duka. Baadhi ya vifurushi vya kampuni vina plagi zao wenyewe, taa ya kampuni hii haiingii kwenye soketi ya kampuni ile. Ukinunua kifurushi, uliza kwanza kama taa ya kawaida ya volti 12 ya dukani inaweza kuingia. Jibu likiwa hapana, ujue ukimaliza kulipa bado utakuwa unawategemea wao.

Lakini kuna habari njema ambayo watu wengi hawaijui. Geuza king'amuzi chako usome nyuma, au soma adapta yake. Vingi vimeandikwa 12V. Yaani unapopandisha umeme wa betri kupitia inveta kwenda 230, halafu adapta inaurudisha tena kuwa 12, umeuzungusha bure na kupoteza mara mbili. TV nyingi ndogo ziko hivyohivyo. Fundi anayejua anaweza kukufungia moja kwa moja kutoka kwenye kontrola. Ila azingatie mambo mawili: chanya na hasi zisigeuzwe, na betri inapochajiwa hupanda hadi volti 14.4, hivyo awepo kidhibiti kidogo cha kuishusha kama kifaa hakivumilii. Asikufungie kwa kubahatisha.

Basi nani anahitaji inveta?

Kinyozi anaihitaji. Mwenye duka la kutoa kopi na kuchapa barua anaihitaji. Anayeuza juisi ya blenda, fundi cherehani mwenye mashine ya mota, mwenye TV kubwa ya AC aliyoileta kutoka Mwanza: hao wote, inveta ni chombo cha kazi na kinarudisha pesa yake. Zaidi, wanaitumia mchana, jua likiwa juu, umeme unapita karibu moja kwa moja kutoka kwenye paneli na betri haiumii.

Pasi, hita ya maji na jiko la umeme, hapana. Usidanganywe na maandishi "1000W" kwenye boksi. Pasi ya wati 1000 kwa volti 12 inavuta zaidi ya ampea 80 kutoka kwenye betri. Betri ya Ah 100 itakuchekea dakika chache kisha ikuache na shati lenye mikunjo. Na kwenye inveta nyingi za bei ya chini, hizo wati 1000 ni za sekunde chache tu, za kudumu ni nusu yake au pungufu. Pasi ya mkaa bado ina kazi.

Ukinunua inveta kwa ajili ya kitu chenye mota, kama friji, feni au blenda, tafuta ile ambayo mafundi wanaiita pyua, yenye wimbi laini kama la TANESCO. Zile za bei rahisi zinatoa wimbi la ngazi ngazi. Taa na chaji hazijali sana, lakini mota inanguruma, inapata joto, na inakufa mapema. Halafu kumbuka mota inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya wati zake. Friji ya AC ya wati 100 inaweza kuigomea inveta ya wati 300.

Ningekuwa mimi

Kwa nyumba kama ile ya hesabu, ningefunga vyote viwili, lakini kwa kutenganisha. Taa zote, chaji za simu, redio na king'amuzi kwenye DC kupitia kontrola. Halafu inveta ndogo, wati 300 hivi, yenye swichi yake ukutani mahali ninapopaona, inayolisha soketi moja tu. Kazi ya soketi ikiisha, inazimwa. Siku inveta ikiungua, taa zinaendelea kuwaka na mtoto anaendelea kusoma. Hiyo ndiyo sababu kubwa kwangu. Nyumba ambayo taa zote zinapitia inveta, inveta ikifa, nyumba nzima ni giza mpaka upate pesa ya nyingine.

Fyuzi iwe karibu na betri, kwenye waya wa chanya, si mbali kule ukutani. Volti 12 haikupigi shoti ya kukuua, lakini nyaya zake zikigusana zinawaka moto, na betri kubwa ina nguvu ya kuyeyusha waya kwa sekunde. Volti 230 za inveta ni kinyume chake: zinaua sawasawa na za TANESCO. Wapo wanaoshika nyaya zake kwa mkono eti "ni sola tu". Na betri ya asidi isilale chumba kimoja na watoto. Inatoa gesi ikichajiwa, iwekwe mahali penye hewa.

Halafu tazama migomba yako. Jani moja likitupa kivuli kwenye paneli saa nne asubuhi linaweza kukukatia sehemu kubwa ya umeme, siyo ile sehemu ndogo tu iliyofunikwa. Watu wananunua paneli ya pili wakati walihitaji panga.

Kama nguzo ziko njiani

Swali la mwisho, na labda ulipaswa kuanza nalo: umeme wa REA utafika lini kwenye kitongoji chako? Kwa miaka kadhaa sasa gharama ya kuunganishiwa vijijini imekuwa Sh27,000, kwa hiyo kwa aliye karibu na nguzo, umeme wa gridi ni rahisi kuliko betri moja. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya TANESCO ya wilaya, uliza kama eneo lako liko kwenye mradi unaoendelea.

Kama jibu ni miezi michache, usizike pesa yote kwenye vifaa vya DC. Chukua kifurushi kidogo cha taa na simu, na kama unajenga, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA afunge nyumba waya za volti 230 kabisa. Waya hizo ndizo utakazotumia nguzo zikifika, na mpaka hapo zinaweza kulishwa na inveta.

Kama jibu ni "mradi ujao", au ukitazamwa tu bila kujibiwa, funga DC.

Na siku TANESCO wakifika na bado una inveta, usiache vyote viwili viingie kwenye waya mmoja. Mwambie fundi aweke swichi ya chenjiova. Bila hiyo, umeme wa gridi ukirudi wakati inveta inafanya kazi, inveta inaungua hapohapo, na umeme wako unaweza kurudi nyuma hadi kwenye nguzo ambako kuna mtu amepanda kutengeneza.